Jinsi Wayahudi Marekani wanavyowafungulia wanafunzi wa vyuo milango ya kazi

KILA mwezi wa Desemba, wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani wanaporudi makwao kwa likizo ya majira ya baridi, ofisi za mashirika ya Kiyahudi katika miji kadhaa ya nchi hiyo hupata wageni wengi kuliko kawaida. Mawakili, madaktari, wahasibu, wahandisi na wafanyabiashara wa mji huacha shughuli zao kwa saa moja au mbili, wakaketi na vijana wa miaka 19 au 20 na kuwaeleza jinsi kazi inavyopatikana, jinsi inavyofanywa na jinsi mtu anavyoweza kuipoteza.

Hakuna anayeajiriwa siku hiyo. Mwanafunzi huondoka akiwa na nambari ya simu, ahadi ya kukutana tena, na pengine wasifukazi uliojaa alama za kalamu nyekundu. Kwa anayetazama kwa mbali, hayo ni mambo madogo. Hata hivyo, utaratibu huu ulizaliwa wakati milango mingi ilikuwa imefungwa, na hadi leo wapo vijana wasio na njia nyingine ya kuifikia ofisi ya wakili au ya mkurugenzi wa hospitali.

Katika Kiswahili cha magazeti, shughuli hii imepewa majina mengi: ushauri nasaha, uelekezi, ulezi wa kitaaluma. Hilo la mwisho ndilo linalofaa zaidi, kwani mlezi hatoi ushauri wa siku moja akaenda zake. Watu wa pwani wangemfananisha na somo au kungwi, yaani mtu asiye mzazi ambaye hupewa jukumu la kumweleza kijana mambo ambayo mzazi ama hayajui ama huona haya kuyasema.

Mipango yenyewe huendeshwa na mashirika ya aina tatu. Kuna Hillel, shirika la wanafunzi Wayahudi lililoanzishwa mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois na ambalo lina matawi katika mamia ya vyuo. Kuna mashirikisho ya Kiyahudi ya kila mji, ambayo hukusanya michango na kuigawa kwa shule, hospitali na nyumba za wazee. La kwanza lilianzishwa Boston mwaka 1895. Kisha kuna mashirika ya huduma za ajira, mengi yakiwa yameasisiwa katika miaka ya 1930 na 1940, likiwemo la Boston la mwaka 1938.

Mwanafunzi hujaza fomu akieleza anachosomea, kazi anayoitamani na mji anaotoka. Afisa wa mpango huyasoma majibu hayo na kumtafutia mtu wa fani hiyo anayeishi mji huohuo. Baadaye wawili hao hukutana kwa mwaka mmoja hivi, ana kwa ana au kwa simu, na mwanafunzi huweza kualikwa kazini kwa mlezi wake ajionee mambo yanavyokwenda. Mjini Chicago, shirika la Jewish United Fund limekuwa likiwapeleka wanafunzi katika ofisi mbalimbali kwa mafunzo ya kazi wakati wa kiangazi, chini ya mpango uitwao Lewis Summer Intern Program, na kuwakutanisha katika vikao vya pamoja.

Sharti la mji huohuo lina sababu mbili. Ya kwanza iko wazi: si rahisi kumtembelea kazini mtu anayeishi umbali wa saa tano kwa ndege. Ya pili haisemwi sana. Miji kama Cleveland, Detroit na Pittsburgh ilipoteza viwanda vyake vingi katika nusu ya pili ya karne ya 20, na vijana waliosoma wakahamia New York, Washington au California. Jamii isiyo na vijana haiwezi kuendesha sinagogi, shule wala nyumba ya wazee. Daktari wa Cleveland anayemwonyesha mwanafunzi kwamba hospitali za mji huo zinamhitaji, anamshawishi pia arudi kuoa, kujenga na kulipa ada ya sinagogi hukohuko. Ulezi huu, basi, una chambo ndani yake, na wanaouendesha hawaoni aibu kwa hilo.

Yanayozungumzwa katika vikao hivyo ni mambo ambayo hayaandikwi popote. Mwanafunzi anayesema anataka udaktari huulizwa kama amewahi kukaa na mgonjwa asiyeweza kupona. Anayetaka uhasibu huelezwa kinachofanywa na mhasibu wa mwaka wa kwanza, yaani kukagua safu za tarakimu za wengine hadi usiku wakati wa msimu wa kodi. Hufundishwa namna ya kumwandikia barua pepe mtu asiyemjua bila kuonekana ombaomba, namna ya kushukuru baada ya mahojiano, na wakati wa kutaja mshahara.

Hata swali la kwanza la mahojiano ya kazi Marekani, lile la kumtaka mwombaji ajieleze, lina mtego wake. Kijana mgeni wa mambo hudhani ameulizwa alikozaliwa na ndugu zake ni wangapi. Mwajiri anataka kusikia kwa dakika mbili kwa nini aajiriwe. Aliyelelewa na baba wakili amelisikia jibu la swali hilo mezani tangu utotoni. Mtoto wa dereva wa teksi hulisikia kwa mara ya kwanza akiwa tayari mbele ya wanaomhoji.

Kwa nini mtu asiye jamaa

Mtu angeweza kuuliza kwa nini kazi hii isiachiwe familia, hasa katika jamii inayosifika kwa kushikamana. Jibu lilipatikana, kwa sadfa njema, katika mji wa Newton, kitongoji cha Boston chenye Wayahudi wengi. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji wakazi wa huko waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni, wote wanaume wa kazi za kitaalamu, za kiufundi na za usimamizi. Matokeo yake yalichapishwa katika makala maarufu ya mwaka 1973 na kitabu kilichofuata mwaka 1974.

Granovetter aligundua kwamba asilimia 56 ya wanaume hao walipata kazi kupitia mtu wanayemjua, wala si tangazo la gazeti. Jambo lililowashangaza wengi ni aina ya mtu huyo. Miongoni mwa waliosaidiwa kwa njia hiyo, chini ya mmoja kati ya watano ndio waliokuwa wakionana mara kwa mara na aliyewapasha habari. Wengi walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu au kwa nadra: mfanyakazi mwenza wa zamani, mtu waliyesoma naye, rafiki wa rafiki.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Ndugu na marafiki wa karibu huzungukia mahali pamoja na kusikia habari zilezile. Wanachokijua wao, nawe unakijua. Anayefahamiana nawe kwa mbali huishi katika duara jingine na husikia yasiyokufikia. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza zaidi ya watumiaji milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn katika kipindi cha miaka mitano walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoafikiana kwa kiasi kikubwa na hayo ya Newton. Walioongezeka manufaa ni watu wa kati na kati, si wa karibu sana wala si wageni kabisa.

Mlezi wa kitaaluma ni mtu wa aina hiyohiyo, ila amepatikana kwa mpango badala ya bahati. Hana undugu na mwanafunzi. Wanachoshirikiana ni jamii moja na mji mmoja, na hicho chatosha kumfanya apokee simu.

Milango iliyofungwa

Ili kuelewa chanzo cha mipango hii, ni sharti kurudi nyuma miaka 100. Wayahudi wapatao milioni mbili waliingia Marekani kutoka Ulaya Mashariki kati ya miaka ya 1880 na 1924, wengi wao wakiwa mafundi cherehani na wachuuzi. Watoto wao walivipenda vyuo. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, idadi yao ilipanda hadi wakawa zaidi ya robo ya wanafunzi wapya kufikia mwaka 1925.

Rais wa chuo hicho, A. Lawrence Lowell, alikuwa amependekeza mwaka 1922 kwamba wasizidi asilimia 15. Pendekezo hilo lilikataliwa hadharani, lakini lengo lake likatimizwa kwa mlango wa nyuma. Fomu za maombi zikaanza kuuliza dini ya mwombaji, jina la ukoo wa mama yake na mahali alikozaliwa baba, na zikataka picha. Alama za mtihani zikapungukiwa uzito mbele ya kile kilichoitwa tabia. Baada ya mwaka 1926, sehemu ya Wayahudi ilishuka hadi karibu na kiwango kilekile Lowell alichokitaka. Columbia, mjini New York, ilikuwa imetangulia kufanya hivyo.

Wengi wakajazana City College ya New York, chuo cha umma ambacho hakikutoza karo hadi mwaka 1976. Lakini shahada haikumaliza matatizo. Matangazo ya kazi magazetini yalitaja wazi kwamba Wakristo tu ndio waliotakiwa. New York ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo katika ajira, mwaka 1945.

Udaktari ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu aliyehitimu hawezi kuwa daktari kamili bila hospitali ya kumpokea kwa mafunzo. Kisa kinachokumbukwa kilitokea nchi jirani ya Canada, mjini Montreal, mwaka 1934. Samuel Rabinovitch, aliyekuwa wa kwanza darasani katika Chuo Kikuu cha Montreal, aliajiriwa kuwa daktari mwanafunzi katika hospitali ya Notre-Dame. Wenzake waligoma wakikataa kufanya kazi na Myahudi, mgomo ukaenea hadi hospitali nyingine, na wagonjwa wakaachwa bila huduma. Baada ya siku chache Rabinovitch alijiuzulu kwa ajili ya wagonjwa hao. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, hospitali ya Wayahudi ya Montreal ilifunguliwa.

Hospitali kama hizo, ikiwemo Mount Sinai ya New York iliyoasisiwa mwaka 1852, hazikuwa mahali pa kutibiwa tu. Zilikuwa mahali pa kufundishia madaktari waliokataliwa kwingine, na daktari mkongwe wa wodi ndiye aliyekuwa mlezi kabla ya neno hilo kupata maana ya kiofisi.

Mawakili nao walijijengea mlango wao. Kampuni kubwa za uanasheria za New York ziliwaajiri vijana wa koo kongwe za Kiprotestanti, basi Wayahudi wakajiunga na kampuni ndogo au wakaanzisha zao. Joseph Flom, aliyesoma City College usiku, aliajiriwa mwaka 1948 na kampuni changa ya Skadden, Arps. Wachtell, Lipton, Rosen & Katz ilianzishwa mwaka 1965 na mawakili vijana waliosomea sheria Chuo Kikuu cha New York. Kampuni hizo zilichukua kesi ambazo kampuni kongwe ziliziona za kihuni, hasa za kampuni moja kuinyakua nyingine bila ridhaa. Biashara hiyo iliposhamiri katika miaka ya 1970 na 1980, waliodharauliwa ndio waliokuwa wameibobea.

Ni katika mazingira hayo, huku dunia ikiwa bado katika mdororo wa uchumi na wakimbizi wakimiminika kutoka Ujerumani ya Hitler, ambapo chama cha B'nai B'rith kiliunda ofisi maalumu ya huduma za kazi mwaka 1938. Chama hicho kilikuwa kimeanzishwa New York mwaka 1843 na wahamiaji kutoka Ujerumani, na tangu 1924 kilikuwa kikiilea Hillel. Ofisi hiyo ilichapisha vijitabu kuhusu fani mbalimbali na kuwashauri vijana mahali ambapo wangeweza kupokelewa na mahali ambapo wangepoteza nauli.

Aidha, dini ilikuwa na neno lake. Talmudi inamtaka baba amfundishe mwanawe kazi ya mikono, na mmoja wa wanazuoni waliotajwa humo anasema asiyefanya hivyo ni kana kwamba amemfundisha wizi. Maimonides, yule tabibu na mwanazuoni aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, ambaye Waarabu humwita Musa bin Maimun, alipanga sadaka katika ngazi nane. Ya juu kabisa kwake si kumpa maskini chakula. Ni kumwezesha kwa mkopo, kwa ubia au kwa kumtafutia kazi, asihitaji tena kuomba. Chama cha mikopo isiyo na riba kilichoanzishwa New York mwaka 1892, Hebrew Free Loan Society, kilijengwa juu ya fikra hiyo, na wanaotetea ulezi wa wanafunzi huitaja mara kwa mara.

Kisa cha Ginsburg

Hakuna mfano unaoeleza nguvu na upungufu wa utaratibu huu kuliko ule wa Ruth Bader Ginsburg, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia mwaka 1993 hadi kifo chake mwaka 2020. Alihitimu sheria Columbia mwaka 1959 akiwa ameshika nafasi ya kwanza pamoja na mwenzake. Hakuna kampuni ya mawakili ya New York iliyompa kazi. Baadaye alieleza kwamba alikuwa na visiki vitatu: alikuwa Myahudi, alikuwa mwanamke, na alikuwa mama wa mtoto mdogo.

Mwaka 1960 profesa wake wa zamani wa Harvard, Albert Sacks, alimpendekeza kwa Jaji Felix Frankfurter. Kama undugu wa kijamii ungetosha, hapo ndipo ungefanya kazi. Frankfurter alikuwa Myahudi mzaliwa wa Vienna, zao la City College, na yeye mwenyewe alikuwa amelelewa kitaaluma na Louis Brandeis, Myahudi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo. Katika miaka ya 1930 alikuwa amewapachika wanafunzi wake wengi katika serikali ya Rais Franklin Roosevelt. Lakini hakuwa tayari kuajiri mwanamke, na hata mahojiano hakumpa.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Gerald Gunther, profesa wa Columbia aliyewahi kukimbia Ujerumani akiwa mtoto. Gunther alimwendea Jaji Edmund Palmieri wa mahakama ya New York, ambaye alihofia kwamba mama wa mtoto mdogo angeshindwa na saa za kazi. Profesa huyo aliahidi kwamba akishindwa, yuko wakili mwanamume atakayechukua nafasi yake mara moja. Kisha akaongeza tishio: jaji akimkataa, hatapelekewa mwanafunzi mwingine wa Columbia tena. Palmieri alikubali, na Ginsburg akamfanyia kazi kwa miaka miwili.

Gunther alifanya kitu ambacho walezi wengi hawathubutu kukifanya. Hakuishia kwenye barua ya sifa. Aliweka rehani jina lake. Mtu akipima mipango ya leo kwa kipimo hicho, mingi itaonekana mepesi mno. Kikombe cha kahawa na maneno ya kutia moyo havimgharimu mlezi chochote, na mara nyingi thamani yake hulingana na gharama hiyo.

Anayehitaji leo ni nani

Msomaji aweza kusema kwamba mambo yamebadilika, na atakuwa na haki. Uchunguzi wa shirika la Pew wa mwaka 2020 ulikadiria Wayahudi wa Marekani kuwa milioni 7.5, na ukaonyesha kwamba asilimia 58 ya watu wazima miongoni mwao wana shahada, ikilinganishwa na asilimia 29 ya Wamarekani wote. Kampuni zilizowakataa babu zao sasa zinaongozwa na wajukuu.

Lakini uchunguzi huohuo ulibaini kwamba asilimia 26 walikuwa wametatizika kulipia matibabu, nyumba, chakula au madeni mengine katika mwaka uliotangulia. Wapo watoto wa wahamiaji kutoka uliokuwa Muungano wa Kisovieti, ambao wazazi wao walikuwa wahandisi Kiev na Leningrad kisha wakaendesha teksi Brooklyn. Wapo wa familia zilizotoka Iran baada ya mapinduzi ya mwaka 1979. Wazazi hao waliwafikisha watoto chuoni, ila hawana mtu wa kumpigia simu. Wakati huohuo mtoto wa mshirika wa kampuni ya mawakili naye hujiandikisha katika mpango, na kwa kuwa ameshajua kuzungumza na watu wazima, huwavutia walezi haraka zaidi. Mpango usiochunga jambo hili humwongezea mwenye nacho.

Kundi jingine ni vijana wa madhehebu yenye kushika dini kwa ukamilifu. Baadhi yao, hasa wa jamii za Kihasidi za New York, wamesoma shule ambazo Taurati na Talmudi huchukua sehemu kubwa ya siku, na masomo ya kawaida hubaki nyuma. Chuo cha Touro, kilichofunguliwa New York mwaka 1971, kimewapokea wengi wa vijana wa dini na kina madarasa ya wanaume na ya wanawake yaliyotengwa. Kwa kijana kama huyo, mlezi aliye wakili na mshika dini ana majibu ambayo afisa wa ajira wa chuo kikuu hana.

Chukua suala la Sabato. Huanza Ijumaa jua linapotua, na mshika dini haruhusiwi kufanya kazi, kuendesha gari wala kuwasha kompyuta hadi usiku wa Jumamosi. Mwezi Desemba jua hutua New York karibu saa kumi na nusu alasiri. Maana yake ni kwamba mfanyakazi mpya, aliyeajiriwa majuma mawili yaliyopita, anapaswa kumwambia mkubwa wake kwamba ataondoka saa nane au saa tisa, wakati wenzake wana saa nyingi mbele yao.

Atamweleza lini? Akilitaja kwenye mahojiano, huenda asiajiriwe na asijue kamwe sababu. Akilificha, ataonekana mdanganyifu wiki ya kwanza. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kusubiri hadi apewe kazi kwa maandishi, kisha azungumze kabla ya kutia saini, huku akieleza mapema jinsi atakavyofidia saa hizo, kwa mfano kwa kufanya kazi Jumapili au kushika zamu za Krismasi. Kuna pia suala la kupeana mikono, kwani wapo wasiomgusa mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia. Mlezi humwonyesha kijana jinsi ya kuinamisha kichwa, kutabasamu na kusema neno moja la heshima kabla mkono haujanyooshwa.

Sheria imewaongezea nguvu, na cha ajabu ni kwamba aliyeshinda kesi yenyewe alikuwa Mkristo. Gerald Groff, mfanyakazi wa posta wa jimbo la Pennsylvania, alikataa kusambaza vifurushi siku ya Jumapili kwa sababu za kidini. Juni 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba mwajiri hawezi kumnyima mfanyakazi nafasi ya kushika dini yake kwa kisingizio cha usumbufu mdogo. Sharti athibitishe kwamba gharama ni kubwa kwa biashara yake. Tangu mwaka 1977 kizingiti hicho kilikuwa cha chini mno.

Je, huku si kujuana tu?

Swali hili haliepukiki, na msomaji wa Kenya, ambako neno kujuana limezoeleka kuliko lilivyostahili, atakuwa amelifikia tayari. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza mwajiri Mmarekani kuajiri kwa kufuata dini au asili. Kumwelekeza mwanafunzi hakukatazwi. Hata hivyo, mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, na mlezi mwenye mamlaka ya kuajiri anaweza kuuvuka bila kujua.

Waendeshaji wa mipango hujaribu kujikinga kwa kutangaza tangu mwanzo kwamba mlezi haahidi kazi. Baadhi ya mashirika ya huduma za ajira yamekwenda mbali zaidi. Lile la Boston, lililoanza kwa ajili ya wakimbizi Wayahudi, limekuwa kwa miaka mingi likiwahudumia wahamiaji wa mataifa na dini mbalimbali. Jamii nyingine nazo zimejijengea njia zao: shirika la SEO la New York, lililoanzishwa mwaka 1963 kuwasaidia wanafunzi wa jamii za wachache, lilianza mwaka 1980 kuwapeleka kwa mafunzo ya kazi katika benki za Wall Street.

Utetezi huo una uzito, ingawa haumalizi hoja. Kati ya watu wawili wenye alama sawa, aliyefundishwa jinsi ya kujibu atamshinda asiyefundishwa, na mwajiri ataamini kwa dhati kwamba amechagua kwa sifa. Dawa yake, kama ipo, ni kuongeza walezi kwa wasio nao. Kuwanyang'anya wenye nao hakujamsaidia mtu.

Tangu shambulio la Hamas dhidi ya Israel la Oktoba 7, 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, vikao hivi vimepata swali jipya ambalo kwa kweli ni la zamani. Wanafunzi huuliza kama wataje katika wasifukazi kwamba walikuwa viongozi wa Hillel chuoni. Desemba 2024, shirika la kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi la Anti-Defamation League lilitangaza jaribio ambapo barua 3,000 za kuulizia kazi za usaidizi wa ofisi zilitumwa, zikitofautiana kwa majina na dalili za asili. Kwa mujibu wa shirika hilo, wenye majina ya Kiyahudi walihitaji kutuma barua nyingi zaidi kwa asilimia 24 ili kupata idadi ileile ya majibu mazuri. Jaribio hilo lilihusu aina moja tu ya kazi, na halitoshi kueleza soko zima la ajira.

Katika miaka ya 1930 na 1940, maelfu ya Wayahudi wa New York walikwenda mahakamani kubadilisha majina ili wasikataliwe kabla ya kuonekana. Mwanahistoria Kirsten Fermaglich aliyapekua maombi hayo kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2018, na akakuta kwamba Wayahudi walikuwa wengi miongoni mwa waombaji kupita idadi yao mjini. Baadhi ya walezi wa leo ni watoto na wajukuu wa waliobadilisha majina. Wapo wanaomshauri mwanafunzi afute mstari huo wa Hillel, aingie kwanza ndipo ajitambulishe. Wapo wanaomwambia auache mahali pake, kwani mwajiri atakayemkataa kwa ajili ya mstari mmoja atamkataa pia Ijumaa ya kwanza ya Desemba, saa nane mchana, atakapochukua koti lake kuelekea nyumbani.